Mama Anataka Kujua Karama Yangu

Jumapili, 4 Mei

Nimejitia matatani tena, na safari hii ni mbele za Mungu.

Mchungaji ametangaza Jumapili ya Karama. Tumepewa wiki moja! Kila mshirika ajichunguze, ajaze fomu, aombe. Jumapili ijayo tutasimama mmoja mmoja, kila mtu aseme amepewa karama gani, kisha apangiwe huduma. Siku za kazi Mchungaji ni fundi saa. Jicho lake la kulia lina alama ya duara ya kile kioo cha kukuzia, na akikutazama unahisi anatafuta skrubu iliyolegea. Alisema hakuna aliyenyimwa karama. Aliposema hivyo alinitazama mimi.

Ningejikalia kimya kama kawaida yangu. Lakini mchana Mama alipiga simu. Dada yangu mdogo ndiye humpigia, kwa sababu Mama haoni tena namba. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Jumatatu ya wiki ijayo atafanyiwa upasuaji. Hakusema anaogopa. Aliuliza tu, mara tatu, kama madaktari wa siku hizi wananawa mikono.

Nikataka kumchangamsha, nikamsimulia habari ya karama. Kosa langu! Akasema kwamba miaka minne tangu niondoke nyumbani amekuwa akiniombea kwa jumla jumla, kama mtu anayesalimia umati. Sasa anataka jambo moja. Kabla hajalazwa juu ya kile kitanda, ajue Mungu amenipa nini, ili aishukuru kwa jina lake.

Nikamwambia ipo tayari. Inangoja kutangazwa tu.

Haipo! Mimi napakia saruji. Mifuko ya kilo hamsini, kutoka ghalani hadi kwenye lori, siku sita kwa wiki. Shule niliachia darasa la sita. Wapakiaji wenzangu wananiita Mipango, na hawaniiti hivyo kwa kunisifu.

Nina siku saba.

Jumatatu, 5 Mei

Nimejaza fomu saa ya mapumziko, nimekaa juu ya mifuko. Maswali sitini. Kila swali unachagua: Hapana, Kiasi, au Sana. Swali la kwanza nililitafakari kwa unyofu kabisa. La pili, nikaona muda unakwenda. Kuanzia la tatu nikaweka Sana kote. Nilijua ninachofanya. Nikipata alama za juu kila mahali, karama kubwa haina pa kunikwepea.

Jioni nilimpelekea Mchungaji kwenye meza yake ya saa. Akajumlisha. Akajumlisha tena. Akasema kwa upole kwamba tangu aanze utumishi hajawahi kukutana na mtu mwenye karama zote. Ninayo ya kunena kwa lugha, na ninayo ya kutafsiri lugha hizo, kwa hiyo naweza kuongea na kujijibu mwenyewe. Ninayo pia karama ya useja. Akauliza kama mke wangu, niliyemwacha nyumbani, amepashwa habari. Na ninayo ile ya kufa kwa ajili ya imani, ambayo, alisema, mtu huitumia mara moja tu, kwa hiyo nisianze nayo.

Nitajaza fomu nyingine Jumatano, darasani, mbele ya macho yake.

Nilirudi nimechelewa. Tunaishi wawili chumba namba sita, mimi na Mzee Kimya. Rundo la mifuko lilimwangukia miezi miwili iliyopita, nyonga ikateguka vibaya, na tangu hapo yuko kitandani. Ni mtu wa maneno machache. Akisema matatu kwa siku, amehutubia. Alikuwa anangoja maji ya moto. Basi ikawa kumgeuza, kumfuta mgongo, kumchua nyonga, kubadilisha shuka, kufua ile iliyotoka. Saa nzima na robo! Muda huo ningeutumia kuomba. Nimeliandika hili ili Mungu aone kwamba uzembe si wangu.

Jumanne, 6 Mei

Nimeamua: unabii.

Sababu ninayo. Kuna mtu kazini, naye ni mshirika mwenzetu, tunamwita Bwana Usukani. Anaendesha foklifti. Sisi tunabeba, yeye ameketi, shati lake saa kumi jioni bado jeupe. Kanisani anaimba peke yake huku amefumba macho. Mwezi uliopita alitangaza kwamba ameoteshwa geti la ghala likianguka, na siku ya tatu geti likaanguka kweli. Aliligonga yeye mwenyewe na foklifti! Hilo hakuna anayelikumbuka. Sasa hivi watu wakimkuta kantini wanamuuliza kama jana aliota chochote.

Mimi nina goti. Goti langu la kushoto likiuma kwa ndani, mvua iko njiani. Halijawahi kunidanganya. Leo asubuhi liliuma mpaka nikafumba jicho moja. Nikasimama mbele ya wapakiaji wote, nikapunguza sauti, nikasema nimeonyeshwa kwamba kabla ya saa sita mvua kubwa itashuka, na mifuko iliyo nje ifunikwe. Goti sikulitaja.

Wakafunika. Mifuko mia nne, turubai tatu, kamba, matofali ya kukandamiza. Mapumziko yote yakaishia hapo.

Saa sita: jua. Saa nane: jua la kukaangia mtu. Saa tisa malori mawili yakaja kuchukua mifuko ile ile, tukafungua tulichofunga. Msimamizi akauliza nani alitoa amri ya kufunika. Sijawahi kuona watu wenye mikono iliyochoka wakiinyanyua kwa haraka hivyo kumwonyesha mwenzao kidole. Akanipa kazi ya kuzikunja turubai zote peke yangu, nizirudishe stoo hadi ya mwisho.

Bwana Usukani alipita na foklifti, akasema kwa huruma kwamba hata manabii wa zamani walianza kidogo kidogo. Huruma yake ndiyo iliyoniuma kuliko goti.

Jumatano, 7 Mei

Mvua!

Imenyesha kuanzia saa mbili asubuhi, kubwa, ya mshazari. Turubai ziko stoo, zimekunjwa vizuri, na aliyezikunja ni mimi. Mifuko kumi na moja imelowa na kuganda, imekuwa mawe. Nikajaribu kumweleza Msimamizi kwamba ujumbe ulikuwa sahihi, ni tarehe tu. Akaniambia nisogee mbali na macho yake. Wapakiaji sasa wananiita Nabii Wa Jana. Nimejieleza kwamba wamekosea, nilitangulia siku moja, sikuchelewa. Haikusaidia.

Jioni, darasa la karama. Kanisa letu ni ukumbi uliokuwa karakana ya samani. Ukikaa vibaya unaondoka na kijiti kwenye suruali. Mchungaji akagawa fomu, akatuonya tuandike yaliyo ndani ya mioyo yetu. Nikachungulia moyo wangu. Nikaona saruji.

Mbele yangu alikaa Mama Kantini, yule anayetupikia kazini. Mkono wake unaandika kubwa kubwa, herufi kama mabakuli. Mimi sikupanga! Macho yenyewe yalikwenda. Ni tabia ya darasa la sita, na ndiyo iliyonifanya niishie darasa la sita. Nikanakili yote sitini.

Mchungaji akajumlisha, akatabasamu hadi duara la jicho likakunjamana. Karama ya ukarimu! Wawili darasani, mimi na Mama Kantini, alama sawasawa hadi ya mwisho. Akasema hajawahi kuona roho mbili zilizofanana hivyo. Mama Kantini akageuka, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu kwamba sasa amejua kwa nini shingo yake ilikuwa inahisi upepo.

Kisha Mchungaji akatangaza: Ijumaa, baada ya kazi, ibada ya nyumbani itafanyika kwa huyu ndugu yetu mkarimu, chumba namba sita.

Chumba namba sita kina vitanda viwili, kiti kimoja, na Mzee Kimya.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeomba ruhusa ya kutoka mapema. Msimamizi alifurahi sana kuniruhusu.

Nimefagia. Nimesugua sakafu kwa brashi ya waya. Chini ya saruji nimegundua ina rangi, ni nyekundu. Nimekung'uta magodoro. Nimetundika nguo zote kwenye msumari mmoja nyuma ya mlango, na sasa mlango haufunguki wote.

Kisha nikamtengeneza Mzee Kimya, asije akatisha wageni. Nimemnyoa ndevu. Nimemkata kucha za mikono na za miguu. Za miguu zilihitaji koleo. Nimemvalisha shati langu la Jumapili. Ana uso mzuri kumbe. Alijitazama kwenye kioo changu kidogo, akasema, "Ni huyu?" Maneno mawili, na jioni haijaisha.

Akaomba nimsomee barua. Yeye hajui kusoma. Binti yake alimwandikia mwezi wa tatu, na kila wiki namsomea barua ile ile. Kusema kweli ni fupi. Mistari minne: hajambo, wamehama nyumba, kikohozi kimepungua, atunze afya. Nani anaweza kuishi miezi miwili kitandani kwa mistari minne? Kwa hiyo tangu mwanzo nimekuwa nikiongeza kidogo. Mara ya kwanza niliweka mjukuu anayemsalimia. Baadaye mjukuu akaota jino. Halafu binti akakumbuka jinsi baba yake alivyokuwa akimbeba mabegani kwenda shule. Hili la leo lilikuwa jipya: wamepaka rangi chumba chake, kinamngoja. Rangi ya bluu. Mzee Kimya akaniomba nirudie ya bluu.

Ni uongo, najua. Nitautubu wote kwa pamoja akishapona.

Usoni jasho, na karama bado sina. Ukarimu nilioupata kwa kuchungulia siwezi kumpelekea Mama aushukuru kabla ya kisu.

Nina wazo lakini. Kuponya!

Ijumaa, 9 Mei

Naandika haya nikiwa nimekaa nje, kwa sababu ndani kunanuka kafuri.

Mpango ulikuwa mzuri. Watu wakija, tutaombea wagonjwa, na mimi nitapaka mafuta. Sisi wapakiaji tuna chupa yetu ya kuchua: mafuta, kafuri na pilipili kali iliyosagwa. Kila mmoja wetu anayo chini ya kitanda. Nikafikiri, nikiwapaka hayo watahisi joto. Wakihisi joto watasema ni nguvu. Nilijijaribia kwenye paji la uso. Joto zuri, la upole. Nikampaka Mzee Kimya. Akasema, "Safi." Basi nikaona kipimo ni hicho.

Nilichosahau ni kwamba ngozi zetu zimekaangwa na saruji miaka mingi. Ni tairi. Watu wa kawaida bado wana ngozi!

Wakaja kumi na wawili. Sita kwenye kitanda changu, watatu miguuni kwa Mzee Kimya, wengine wima kama mifuko ghalani. Joto la chumba likapanda. Tukaimba. Nikatoa chupa, nikaanza na Bwana Usukani, aliyesema ana mafua. Gumba langu halina ulaini, lilimkwaruza, naye akafumba macho kwa utukufu. Nikampaka Mama Kantini. Nikampaka Mchungaji, aliyesema bega linamsumbua, lakini mimi nilishazoea paji la uso.

Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha jasho likaanza kuteremka, na mafuta yakateremka nalo.

Bwana Usukani alinyanyua mikono yote miwili. Wenzangu wakadhani amejazwa, wakaitikia kwa nguvu. Mama Kantini akapiga ukelele, kwaya ikapandisha sauti. Mchungaji alikuwa anatokwa machozi jicho moja, lile lenye alama ya kioo, na alisimama wima kabisa kama mtu anayengoja basi. Nami nikaguswa, nikajipangusa machozi ya furaha. Kwa gumba!

Sitaki kueleza zaidi. Nilitafuta mlango nisiuone, nikaukumbatia msumari wa nguo.

Na hapo ndipo nikasikia sauti nisiyoijua. Mzee Kimya alikuwa anacheka. Tangu aanguke hajacheka. Alicheka huku ameshika nyonga, akiomba kwa mkono watu waache asiumie, na kadiri alivyoomba ndivyo alivyozidi. Wengine wakaanza kucheka, hata waliokuwa vipofu kwa muda. Nilikwenda bombani nikarudi, nikaenda nikarudi, beseni baada ya beseni, nikawaosha uso mmoja mmoja. Bwana Usukani nilimwosha mwisho. Sikukusudia; ilitokea tu.

Hakuna aliyeondoka. Mama Kantini, macho mekundu, alikaa kitandani kwa Mzee Kimya akimsimulia habari zote za ghala tangu aumie. Kumbe miezi miwili hakuna mtu wa kanisa aliyekanyaga pale. Wameahidi kuja kila Ijumaa.

Mchungaji ndiye aliyetoka wa mwisho. Aliichukua chupa, akainusa. Nikangoja hukumu. Akaniuliza kama naweza kummiminia kidogo kwa ajili ya bega.

Jumamosi, 10 Mei

Siku ya mwisho. Sina kitu.

Baada ya kazi nikaenda kwenye meza ya saa, nikamwambia Mchungaji ukweli wote: Sana zote, goti, shingo ya Mama Kantini, pilipili. Nikamweleza habari ya Mama na macho yake. Nikamwomba kama kuna karama yoyote iliyobaki, hata ile isiyotakiwa na watu, anipe nikaitaje kesho.

Hakucheka. Akanifungulia Biblia kwenye ile orodha ya karama aliyoiandika mtume, akaniambia niisome kwa sauti, polepole, kama ninavyosoma barua ya mtu. Nikasoma. Mitume, manabii, walimu, miujiza, kuponya, masaidiano, maongozi, lugha. Akasema nirudie. Nikarudia. Akasema nimeliruka neno moja kwa haraka mara zote mbili.

Masaidiano. Nikamwambia Mchungaji, kwa heshima, lile si karama. Lile limewekwa pale kujaza nafasi, kama kokoto. Nani atasimama mbele ya watu aseme Mungu amempa masaidiano? Hata mtu anayesukuma toroli anasaidia!

Akauliza leo nimefanya nini. Nikasema hakuna. Asubuhi nimemwosha Mzee Kimya, nimempeleka nje akaote jua, nimefua shuka, nimepakia lori nne, nimemrudisha ndani. Akauliza jana. Nikasema jana anaijua. Akavaa kile kioo chake, akanitazama nacho. Jicho likawa kubwa kama la ng'ombe. Kisha akarudi kwenye saa yake.

Nimerudi na uamuzi wangu mwenyewe. Kesho nitasema utume. Mtume ni mtu aliyetumwa mbali na kwao. Mimi niko mbali na kwetu. Nani atapinga?

Jumapili, 11 Mei

Ukumbi ulijaa. Bwana Usukani alisimama wa kwanza: unabii, pamoja na uimbaji. Akaimba ili tusibaki na shaka. Mama Kantini akasema ukarimu, akaongeza kwamba wa kwake ni ule wa asili, si wa kunakili. Watu wakacheka, wakanigeukia.

Nikasimama. Shati lilikuwa la kazini, kwa sababu la Jumapili bado amelivaa Mzee Kimya. Nikafungua mdomo niseme utume.

Mlango ukafunguliwa. Wapakiaji wanne, ambao sijawahi kuwaona kanisani hata mmoja, walikuwa wanasukuma toroli la mifuko. Juu yake, kwenye godoro langu, ameketi Mzee Kimya, amenyolewa, amenyooka. Wakamsukuma kati ya mabenchi hadi mbele. Gurudumu moja lilikuwa linalia kwii kwii njia nzima, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Akasema, "Huyu asiseme. Nitasema mimi."

Hata Mchungaji alikuwa hajawahi kumsikia akisema.

"Mimi mambo ya karama siyajui. Najua nimelala miezi miwili na sijanuka hata siku moja. Mniulize ni kwa nini. Kila asubuhi huyu ananiosha kabla hajaenda kubeba mifuko, na akirudi hawezi hata kunyoosha mgongo, ananiosha tena. Analalamika mwanzo hadi mwisho. Analalamika kwamba ninamchelewesha, anatafuta karama."

Akapumzika. Nikadhani amemaliza. Maneno yale yalikuwa ya mwaka mzima.

"Na barua. Binti yangu aliniletea mistari minne. Kusoma sijui, kuhesabu mistari najua. Minne. Sasa huyu akinisomea, maji yanachemka hadi yanapoa hajamaliza. Nina mjukuu ana jino. Nina chumba cha bluu." Akanitazama. "Siku nikikata tamaa, nangoja kusikia wiki hii wameongeza nini huko kwetu."

Sikujua niangalie wapi. Niliangalia gurudumu.

Mchungaji akasema kwa sauti ndogo, "Masaidiano," akaandika kwenye daftari lake. Na hivyo ndivyo nilivyopangiwa, bila mimi kusema hata neno moja. Utume niliokuwa nao mdomoni nikaumeza.

Simu ya Mama ikaingia tukiwa tunatoka. Dada yangu akamkabidhi. Nikaanza kuzunguka, kwamba Mama, kulikuwa na mambo mengi, kamati haijakaa. Mzee Kimya akanyoosha mkono kutoka kwenye toroli, nikampa simu kama mtu anayekabidhi silaha. Akajitambulisha: "Shikamoo, mama. Mimi ndiye ninayeoshwa." Akamweleza kwa ufupi. Kisha akasikiliza sana, akitikisa kichwa, akanirudishia.

Mama alikuwa analia, lakini kile kilio chake kizuri.

"Hiyo naijua," akasema. "Unakumbuka bibi yako alipokataa kula? Ulikuwa unamwambia, ‘Jogoo ameomba chakula chako, Bibi, nikamwambia hapana, Bibi hajamaliza.’ Akawa anakula ili kumkomoa jogoo. Mwanangu, kumbe ndiyo hiyo. Na mimi miaka yote naomba upewe, kumbe nilikuzaa nayo." Akavuta kamasi. "Basi kesho sitaogopa. Nitaishukuru kwa jina lake. Inaitwaje hiyo?"

Nikamwambia. Masaidiano.

Akasema ni jina zuri.

Jumatatu, 12 Mei

Wamemfanyia Mama upasuaji leo asubuhi. Sijui nilipakia lori ngapi. Msimamizi alinikuta nimebeba mfuko nikiurudisha ghalani, akanichukua kwa mkono akanikalisha kantini. Mama Kantini akaniwekea bakuli, akakaa mbele yangu, mgongo amenigeuzia, akaniambia kama nataka kunakili ninakili.

Dada amepiga saa tisa. Imekwenda salama. Kesho wanafungua bandeji. Alipolazwa, anasema dada, aliwauliza madaktari kama wamenawa mikono, kisha akataja karama yangu kwa sauti, jina lake lote, na daktari mmoja akauliza ni dawa gani hiyo.

Jumatano, 14 Mei

Mama anaona! Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba dada yangu amenenepa. Hawajasemeshana tangu jana.

Nami sasa nimekaa nikafikiri kwa kichwa kilichotulia, na nimefika kwenye ukweli. Masaidiano ni mwanzo tu. Ni kama kubeba mifuko kabla ya kupewa foklifti. Karama yenyewe, ile kubwa, lazima ipo mahali, na mwaka huu haujaisha. Kunena kwa lugha nimeanza kuelewa. Kwa unabii, nitaongeza siku moja kwenye goti. Na mafuta yale tatizo lilikuwa kipimo tu; nikipunguza pilipili nusu, nikaongeza kafuri, hakuna atakayepiga kelele.

Halafu kuna hili: Bwana Usukani naye amekwenda kwa Mchungaji kuomba kuongezewa masaidiano! Leo jioni alikuja chumbani kwetu na beseni jipya, la rangi. Hajui hata kumgeuza mgonjwa. Nimemwonyesha mara tatu. Kama kundi la masaidiano litakuwa na mwenyekiti, na naona lazima liwe naye, atakuwa mtu mwenye miezi miwili ya uzoefu. Nimeshachora beji.

Ningeandika zaidi, lakini Mzee Kimya ananiita. Ameletewa barua nyingine kutoka kwa binti yake. Mama Kantini alimsaidia kumwandikia ile Ijumaa ya ibada, na binti amejibu upesi. Nimerudi. Kurasa tatu, mbele na nyuma! Mjukuu yupo kweli, ni wa kike. Chumba kipo pia, ila hakijapakwa rangi, wanamngoja achague.

Nimemsomea yote, polepole, hadi saini. Hakuna hata neno la kuongeza, barua imejitosheleza.

Nimeongeza mstari mmoja tu. Mdogo, pale mwishoni. Hakuna atakayejua.